Bolti Ikikatikia Ndani ya Injini: Namna ya Kung'oa Kisiki Bila Kuharibu Hedi

Bolti iliyonifundisha haya ilikuwa ya kichwa namba 10, nyembamba kuliko penseli. Gari lilikuwa limetoka Dar es Salaam, na fundi wa huko alishatoa thamostati, ile valvu inayozuia maji kwenda kwenye rejeta mpaka injini ipate moto, akaitupa, kama wengi wanavyofanya pwani kwa kuogopa injini kuchemka. Dar huoni tofauti. Huku Uyole, Mbeya, asubuhi ya Juni ambapo ukiongea mdomo unatoa moshi, injini isiyo na thamostati inafika mjini bado baridi, inakunywa mafuta kama lori, na hita inakupulizia upepo wa Mlima Loleza. Nikanunua thamostati ya nyuzijoto 82 nikasema Jumamosi nairudisha mwenyewe. Mfuniko wake una bolti mbili tu. Ya kwanza ilitoka bila neno. Ya pili ilizunguka robo mzunguko, ikawa laini mkononi, halafu kichwa kikabaki ndani ya boksi spana, kimekaa humo kama karanga.

Kilichobaki kwenye hedi, yaani kichwa cha injini, kilikuwa kisiki cha milimita 5 hivi. Leo ningekishangilia. Siku ile nilikibana kwa koleo, nikakisokota kwa hasira, kikakatika mara ya pili, safari hii sawasawa na uso wa alumini. Kazi ya nusu saa ikawa ya siku mbili. Kwa hiyo mpangilio ulioko hapa ni ule ambao ningeufuata kama ningekaa chini kwanza nikanywa chai: unaanza na njia ya upole, unakwenda kwenye ya ukali, maana kila njia inaposhindwa huiachia inayofuata kazi ngumu zaidi.

Jiulize imekatikaje

Hapa ndipo wengi wanaruka, na ndipo penye siri. Bolti hukatika kwa namna tatu, na kila moja ina dawa yake.

Kama imekatika wakati unaikaza, umeizidishia nguvu. Kisiki hakijashikwa na kutu, na shinikizo lililokuwa likikibana limekwisha pale pale kichwa kilipotoka. Mara nyingi kiko huru kabisa humo ndani. Chukua tindo ndogo yenye ncha kali, iweke pembeni mwa kisiki, gonga kidogo kidogo kuelekea upande wa kufungua. Nimewahi kuona kisiki cha namna hii kikitoka kwa msumari na subira.

Kama imekatika yenyewe gari likitembea, itazame sehemu iliyokatika. Ukiona mistari iliyopindana kama mawimbi ufukweni, na kipande kidogo pembeni chenye chenga chenga, chuma kilichoka taratibu mpaka kikaachia. Hiyo nayo kwa kawaida hutoka kirahisi, lakini ina swali lake: kwa nini ilichoka? Mara nyingi jibu ni kwamba ilikuwa imelegea muda mrefu.

Ya tatu ndiyo mbaya, nayo ndiyo yangu: imekatika wakati unaifungua. Maana yake meno yameshikwa na kutu kuliko uimara wa bolti yenyewe. Ukiongeza nguvu hapa unakata tena. Lazima kwanza uvunje kutu.

Gari langu lilikuwa limeendeshwa na maji ya bombani miaka mingi, bila kulanti, ile dawa ya rejeta inayozuia kutu. Chuma na alumini vikikaa pamoja kwenye maji ya namna hiyo, vinalana. Alumini inatoa unga mweupe unaojaa katikati ya meno na kubana kama saruji. Ukiona unga huo kwenye bolti ya kwanza, usiiguse ya pili mpaka umeiandaa. Na magari ya Tukuyu na Kyela, ambako mvua haina likizo, yatazame kwa jicho hilo hilo bolti zote za chini: egzosi, vishikio vya shokapu, kinga ya injini.

Mkono unajua kabla ya macho

Bolti nzima ikiachia, inaachia kwa mlio, "tak", halafu inakuwa nyepesi. Bolti inayotaka kukatika hailii. Inazunguka huku ikizidi kuwa laini, kama unasokota mua mbichi. Ukisikia ulaini huo, simama. Rudisha upande wa kukaza nyuzi chache tu, mwagia mafuta, fungua tena mpaka pale pale, rudisha tena. Robo saa ya kwenda na kurudi si ushamba, ni kazi.

Na kama kichwa kimeanza kuchongeka kabla bolti haijakatika, bado una bahati. Boksi spana ya inchi 3/8 ni milimita 9.5. Igonge kwa nyundo juu ya kichwa cha 10 kilicholika, itakamata. Isipokamata ndipo ufikirie kitu kingine.

Mafuta, nyundo, moto

Chomoa betri. Vaa miwani, hata ya jua kama huna nyingine, maana chembe ya chuma kwenye jicho haisubiri ufike hospitali. Safisha kisiki kwa brashi ya waya mpaka king'ae.

Mafuta ya kupenya ya kopo yanauzwa kwenye maduka ya spea pale Mwanjelwa. Ukikosa, changanya mafuta ya gia otomatiki na asetoni nusu kwa nusu. Yanapenya vizuri, ila asetoni inashika moto haraka, kwa hiyo usiyaweke siku ya kutumia moto. Mafundi wengi hutumia mafuta ya breki. Yanasaidia kidogo, lakini yakidondokea rangi ya bodi yanaibabua, utakuwa umepata tatizo la pili. Chochote utakachotumia, kipe usiku mzima. Mwagia jioni, mwagia ukilala, mwagia ukiamka.

Kila ukimwagia, gonga kisiki katikati, wima, kwa nyundo ndogo na kipande cha chuma. Mapigo ishirini mepesi yanashinda moja la nguvu. Mtikisiko ndio unaopasua kutu na kuyaingiza mafuta.

Moto ndiyo dawa kubwa kuliko zote, na ndiyo yenye hatari kubwa. Futa mafuta yote kwanza. Ondoa mipira na nyaya zilizo karibu, hakikisha hakuna paipu ya petroli inayovuja, weka ndoo ya mchanga karibu. Kwa kisiki kilicho kwenye alumini, pasha ile alumini inayokizunguka: inatanuka karibu mara mbili ya chuma, kwa hiyo tundu linapanuka kuliko bolti. Ila kumbuka alumini haikuonyi. Chuma kikipata moto kinakuwa chekundu ukakiona. Alumini inabaki na rangi yake ile ile mpaka inapofika joto la kuyeyuka (nyuzijoto 660 kwa alumini tupu, chini ya hapo kwa ile ya hedi), halafu inadondoka. Kwa hiyo tumia mtungi mdogo wa gesi, usogeze sogeze moto, na jaribu kwa tone la maji: likichemka na kuruka, inatosha.

Kikiwa bado cha moto, gusisha mshumaa pale kisiki kinapoingia. Nta inayeyuka na kunyonywa ndani ya meno mbele ya macho yako. Sikuamini mpaka nilipoiona ikipotea kama maji kwenye mchanga.

Kisiki kikiwa nje

Kikitokeza milimita 10 au zaidi, na meno yake ni mazima, funga nati mbili, zikaze moja juu ya nyingine mpaka zishikane, halafu weka spana kwenye nati ya chini ufungue. Kikiwa kifupi zaidi, piga tupa pande zake mbili ziwe bapa, kisha ushike kwa koleo ya kujifunga, ile mafundi wanayoiita vaisigripu. Koleo ya kawaida iache kwenye boksi. Itateleza, itakula kisiki, na itakufanya uongeze nguvu kwa hasira kama mimi. Zungusha nyuzi chache kwenda, chache kurudi. Kikikataa baada ya moto wa pili, usikikate. Nenda hatua inayofuata kikiwa bado kirefu.

Kuchomelea nati

Kwa maoni yangu hii ndiyo njia bora kwa mtu wa nyanda hizi, kwa sababu moja rahisi: mchomeleaji yuko kila mtaa. Uyole, Mafiati, Makambako, Mafinga kwenye mashine za mbao, huwezi kutembea dakika kumi bila kuona mtu anachomelea geti. Biti nzuri ya drili ndiyo ya kutafuta kwa tochi.

Nilimwita kijana mmoja wa jirani aje na mashine yake. Alipofika alikitazama kisiki kilichokuwa sawa na uso wa hedi, akatikisa kichwa. "Mzee, nani alikikata hiki?" Nikasema ni bolti mbovu. Alitazama koleo langu lililokuwa chini, hakusema kitu.

Kabla hajawasha, yapo haya ya kwako wewe mwenye gari. Betri ichomolewe nyaya zote mbili. Waya wa ardhi wa mashine ubanwe kwenye injini yenyewe, karibu na kisiki. Ukibanwa mbali kwenye bodi, umeme utatafuta njia kupitia beringi na kompyuta ya injini. Eneo lisafishwe kwa brashi na tambara kavu, si kwa dawa ya kopo ya kusafishia breki, maana baadhi zina klorini, na zikikutana na moto wa kuchomelea hutoa gesi ya sumu. Nati iwe ya chuma cheusi. Ukipata yenye rangi ya fedha au njano, imepakwa zinki. Iondoe hiyo ngozi kwa tupa kwanza, moshi wa zinki unaleta homa.

Kazi yenyewe huenda hivi. Juu ya kisiki unalaza washa, kile kibati cha duara chenye tundu, tundu lake likikaa sawa na kisiki. Washa ndiyo ngao ya uso wa hedi. Mchomeleaji anajaza katikati ya washa kwa elektrodi nyembamba, ya milimita 2.5 au chini ya hapo, akianzia katikati ya kisiki, akipandisha kidonge cha chuma. Usiogope sana kwamba atakiunganisha na hedi: chuma hakishikani na alumini kwa kuchomelea. Kinachoweza kutokea ni kuunguza ukingo, ndiyo maana anaanzia katikati. Kidonge kikishakaa, anaweka nati juu ya washa, kubwa kidogo kuliko bolti. Kwa bolti yangu ya milimita 6 aliweka nati ya 8, ili apate nafasi ya kuingiza elektrodi, akaijaza ndani yote.

Nikachukua spana papo hapo. "Mzee, acha. Ikipoa ndiyo inaachia." Ana haki. Chuma chekundu ni laini, ukikisokota kinakatika. Kisiki kilichopata moto mkali kilitanuka kikabanwa na tundu, na kinapopoa kinanywea, kinaacha nafasi ya unywele. Tukasubiri mpaka wekundu ukaisha na mate yakawa yanachemka tu, nikagusisha mshumaa, nikaweka spana.

Ilikatika. Nati ikatoka na washa yake mkononi. Aliweka nyingine bila hata kunitazama. Ya pili nayo ikang'oka. Ya tatu, nilipoirudisha upande wa kukaza kwanza, nilihisi kitu kama mchanga kikisagika, halafu ikasogea. Nyuzi tano. Mafuta. Nyuzi kumi. Ikatoka yote, nyeupe kwa unga kuanzia juu hadi chini. "Ndaga fijo," nikamwambia, kwa Kinyakyusa changu cha kuokoteza, akacheka. Nilimlipa shilingi 10,000. Kwa hiyo usikate tamaa nati ya kwanza ikivunjika: kila kuchomelea ni kupasha moto kisiki pekee bila kupasha hedi, na moto huo ndio unaofanya kazi hata spana isipofanya.

Jambo la kuangalia ni saa. Jioni umeme ukipungua, mashine haichomi vizuri, inabandika tu juu. Fanya mchana.

Kutoboa

Kama kisiki kimekatikia ndani ya tundu, mchomeleaji hafiki, itabidi utoboe. Hapa ndipo hedi nyingi zinapokufa. Biti ya drili huteleza kutoka kwenye chuma kigumu cha bolti na kukimbilia alumini laini iliyo pembeni, na ukishatoboa nje ya mstari huwezi kulirudisha tundu lile.

Kwa hiyo kazi yote ni kutafuta katikati. Kama unaweza kufikia, piga tupa uso wa kisiki uwe bapa. Piga alama kwa sentapanchi, kile chuma chenye ncha cha kugongea, itazame kwa tochi na kioo cha kukuza, na kama haiko katikati iburuze kwa kupiga kiupande mpaka ikae. Kuna ujanja ninaoupenda zaidi: funga mfuniko wenyewe mahali pake kwa bolti nzima iliyobaki, halafu kwenye tundu la bolti iliyokatika ingiza bushi, kibomba kidogo cha chuma, ambayo nje inajaa tundu la mfuniko na ndani ina tundu la milimita 3. Wachonga vyuma wa pale SIDO, Mwanjelwa, wanakuchongea hiyo wakati unasubiri. Biti ikipita kwenye bushi haina pa kukimbilia.

Biti ziwe mpya, za HSS (chuma kigumu cha kukatia vyuma) au zenye kobalti. Drili iende polepole, kwa kusukuma kwa uzito, na tone la mafuta ya injini kila sekunde chache. Biti ikianza kupiga kelele na kutoa vumbi badala ya nyuzi za chuma, haikati tena, inaunguza tu na kuifanya bolti kuwa ngumu. Badilisha. Pima kwa bolti nzima ya jirani ni kina gani inaingia, uzungushie biti mkanda wa rangi pale pa kuishia, kwa sababu matundu mengine nyuma yake kuna maji au mafuta. Midomo ya njia za maji iliyo wazi izibe kwa matambara, na uyahesabu.

Anza na milimita 3, kisha 4. Mara nyingi kabla hujafika mwisho, joto na mtikisiko wa drili vinakilegeza kisiki. Hapo jaribu kukigonga kwa tindo upande wa kufungua. Kisipotoka, endelea hadi saizi ya kutobolea ya bolti hiyo, usipite hata nusu milimita. Kwa magari ya Kijapani saizi zinajirudia: bolti ya milimita 6 yenye kichwa cha 10 hutobolewa 5.0, bolti ya 8 yenye kichwa cha 12 hutobolewa 6.8, bolti ya 10 yenye kichwa cha 14, ikiwa na meno ya 1.25, hutobolewa 8.8. Ukiwa katikati kweli, ganda la bolti litabaki jembamba kama waya wa springi ndani ya meno. Livute kwa ncha ya sindano, litatoka likijikunja. Kisha pitisha tepu, namaanisha ile ya kukatia meno, kwa mkono, nusu mzunguko mbele na robo nyuma. Kwenye alumini mafuta ya taa yanafaa kuliko mafuta ya injini.

Ekstrakta, kile kijiti chenye meno yanayozunguka kinyume unachokigongelea ndani ya tundu, sikipendi. Kimetengenezwa kwa chuma kigumu kuliko biti zako zote. Bolti ambayo ilikataa spana hadi ikakatika haitakubali kijiti chembamba kuliko yenyewe, na kikivunjikia humo hakuna biti ya dukani itakayokitoboa. Kitumie kwa kisiki kilichokatika wakati wa kukaza, basi.

Meno yakiwa yamekwisha

Ukitoa kisiki ukakuta meno ya hedi yametoka nayo, usijaze gundi ya chuma, na usilazimishe bolti nene zaidi bila kuangalia unene wa ukuta. Dawa ni springi ya meno, helikoili. Kwa bolti ya 6 unatoboa 6.3, kwa ya 8 unatoboa 8.3, unakata kwa tepu yake maalumu, unaizungusha springi ndani mpaka izame kidogo chini ya uso, unavunja kile kimkia. Meno ya chuma ndani ya alumini ni imara kuliko yale ya kwanza.

Yapo pia ya kutofanyia nyumbani kabisa: bolti za kubana hedi, za koneksheni rodi, na za usukani. Stadi ya tairi, ile bolti inayofungwa nati ya tairi, nayo haitobolewi. Ikikatika inagongwa itoke kwa nyuma na nyingine mpya kuvutwa mahali pake.

Kurudisha

Tundu lipulize kwa upepo wa mtu wa pancha, miwani ikiwa machoni. Bolti mpya iwe na namba ile ile ya uimara kichwani kama ya zamani, au zaidi, na urefu ule ule. Ikizidi milimita mbili itagota chini na utadhani imekaza. Ingiza kwa vidole mpaka mwisho. Isipokwenda kwa vidole, pitisha tepu tena. Paka meno grisi ya shaba kidogo, au silikoni ya kuzibia kama tundu linafika kwenye maji.

Thamostati ikae kivalvu chake kidogo kikitazama juu, hewa ipate kutoka. Kaza bolti zote mbili kwa zamu, kidogo kidogo. Ya milimita 6 inataka nyutoni-mita 10 hivi, ya milimita 8 kama 20 hadi 25. Huna toki renchi, ile spana inayopima nguvu ya kukaza? Shika spana fupi karibu na kichwa, kwa vidole vitatu, bila kutumia bega.

Jaza kulanti badala ya maji matupu. Mbeya tuko mita 1,700 hivi juu ya bahari, maji ya wazi yanachemka kwenye nyuzijoto 94 tu, na kulanti inapandisha kiwango hicho huku ikizuia ule unga mweupe. Washa injini mfuniko wa rejeta ukiwa wazi, hita ikiwa kwenye moto, mpaka mapovu yaishe na paipu ya juu ipate moto ghafla, ndipo ufunge. Baada ya safari mbili tatu, injini ikiwa baridi, pitisha kidole kuzunguka mfuniko wa thamostati. Kidole kikiwa kikavu, usiiguse bolti ile tena.